Pikipiki ya Tatu

Kwamba Cleophas aliuawa na pikipiki, hilo halikuwa na ubishi. Lori lilikuwa linapanda mlima kuelekea Sumbawanga, tela nyuma yake, pikipiki tatu mpya ndani ya tela, na Cleophas amekaa nazo kama utingo anavyokaa na mzigo. Pikipiki ya mwisho ikamwangukia. Mkono wa usukani ukamkandamiza koo kwenye mbao, na dereva aliposimama kuuliza mbona husikii, kijana alikuwa ameshapoa. Ubishi ulikuwa mmoja tu: nani aliifunga vibaya pikipiki ile, na kama alifanya makusudi. Hata huo, Inspekta wa Mpanda alikuwa ameshaumaliza kabla ya chai ya asubuhi, siku moja tu baada ya maziko.

"Damiano funga pikipiki," alisema Inspekta kwa Kiswahili chake cha Mzungu aliyezoea kuamrisha wapishi. "Damiano gomba na Cleophas. Pikipiki anguka, Cleophas kufa. Kesho treni, Damiano kwenda Tabora, kwa jaji. Kwisha."

"Ndiyo, bwana," alijibu Sajenti Bartolomeo. "Naomba nikaliangalie tela kwanza."

"Angalia nini tena?"

"Mafundo, bwana."

Inspekta alimpungia mkono kama mtu anayefukuza kuku. Bartolomeo akapiga saluti akatoka. Alikuwa askari kanzu, yaani wale wasiovaa sare, mtu mfupi wa Kasansa mwenye mabega mapana na mdomo mchungu, na katika miaka yote ya kazi yake hakuwahi kuona kesi inayokwisha kwa haraka namna ile isipokuwa mtu fulani mnyonge anakwenda kuozea mahali.

Na kweli, mambo yote yalimwangukia Damiano. Alikuwa kuli wa stesheni, ndiye aliyezishusha pikipiki kutoka kwenye behewa na kuzipakia kwenye tela. Wiki ya nyuma, kilabuni, mbele ya watu walioshika vibuyu vyao, alimwambia Cleophas: "Ukimwangalia tena mke wangu hivyo, nitakupakia kwenye tela kama mzigo, wewe!" Watu walicheka siku ile. Sasa kila aliyecheka alikuwa shahidi.

Tela lilikuwa uani kwa polisi, limefunikwa turubai. Dereva alimtoa marehemu tu, vingine akaviacha vilivyolala, akageuza lori akarudi nalo Mpanda. Bartolomeo akavua viatu akapanda.

Pikipiki mbili za mbele zilikuwa zimesimama imara kama zimeota mizizi. Gurudumu la mbele la kila moja lilikuwa limesukumwa mpaka kwenye ukuta wa tela na kubanwa kwa vipande viwili vya mti. Kamba mbili za katani zilitoka kwenye usukani, kulia na kushoto, zikashuka mpaka kwenye pete za chuma sakafuni, zimevutwa mpaka springi za mbele zikainama nusu. Stendi zilikuwa juu, zimekunjwa. Bartolomeo alishika moja akaitikisa kwa nguvu zake zote. Tela zima lilitikisika, pikipiki haikucheza.

Ya tatu, ile ya karibu na mlango, ilikuwa imelala ubavu. Stendi yake ilikuwa chini. Kwenye mbao, pale miguu ya stendi ilipokanyaga, palikuwa na mashimo mawili mapya, yamechimbika kwa kurukaruka. Kamba ya mbele ilikuwa imelegea yenyewe, nzima, haikukatwa wala haikukatika. Ya nyuma ilikuwa bado imefungwa, kwa sababu gurudumu lilipolala liliubana mkia wake.

Aliangalia fundo lile, akachuchumaa, akaliangalia tena.

"Alaa!" alisema peke yake.

Lilikuwa fundo la kuni. Kila mwanamke wa Mpimbwe analijua. Kamba inazungushwa mara mbili, inakazwa kwa goti, kisha mkia unapitishwa kwa kukunjwa, unaachwa nje. Mwanamke akifika nyumbani na mzigo kichwani, anautua, anavuta mkia mara moja tu, kuni zote hizo chini. Mama yake Bartolomeo alifunga hivyo mpaka alipokufa. Mwanamume hafungi hivyo. Akifunga, atachekwa mpaka ahame kijiji.

Kisha akaona jambo la pili. Vishikio vya usukani bado vilikuwa na karatasi za dukani, lakini kwenye magurudumu kulikuwa na matope meusi yaliyokauka, na kwenye ekseli ya nyuma vilikuwa vimejizungusha vipande vya bua la mpunga. Pikipiki iliyoshuka kwenye treni na kupanda tela, matope ya mbuga imeyapata wapi?

*

Damiano alikuwa amekaa kwenye kona ya chumba cha mahabusu, jicho moja limevimba. Hakuuliza kitu. Watu waliokwisha kupigwa huacha kuuliza.

"Damiano, nieleze unavyopakia pikipiki."

"Mmeshaandika, afande."

"Sijaandika mimi. Nieleze."

Damiano alimtazama kwa jicho lake zima, akaona mtu hatanii. Akaanza polepole. Ubao unaegemezwa, injini imezimwa, mmoja anasukuma na mwingine anashika usukani. Gurudumu linagonga ukuta. Mtu mmoja anakalia kiti ili springi zishuke, mwingine anavuta kamba.

"Na stendi?"

"Stendi juu! Nani aweke stendi ndani ya tela? Ukiiweka kwa stendi, barabara ikitikisa, inacheza ngoma. Inaruka mpaka inaanguka. Pikipiki unaifunga ikiwa imekaa kwa magurudumu yake, imebonyea, basi."

"Ile ya tatu ilikuwa kwa stendi."

"Hapana, afande. Sikuiacha hivyo."

"Na kamba zake zilifungwa na mwanamke."

Hapo Damiano akaugeuzia ukuta uso wake.

"Mkeo alikuja stesheni asubuhi ile?"

"Aliniletea uji."

"Akakaa?"

"Akaondoka." Kisha, ghafla, "Afande, andika nimemuua mimi."

"Nimekuuliza habari za mkeo, Kalista."

"Na mimi nakujibu! Mimi ndiye. Nilimwonea wivu, nikailegeza. Kalista hawezi kufunga hata mbuzi. Msimguse Kalista. Andika, nipande treni, yaishe."

Bartolomeo alitamani kumzaba kibao, akatamani pia kumshika bega. Hakufanya lolote kati ya hayo. Mtu huyu alikuwa anajua uongo wake utamfikisha kwenye kamba ya aina nyingine kabisa, na bado alikuwa anaukumbatia, kwa sababu akilini mwake alimwona mkewe akikokotwa na askari.

"Sikiliza, bwege wewe," alisema. "Pikipiki ile ina matope ya mpunga. Karibu na stesheni kuna mpunga?"

"Hakuna."

"Basi ilishushwa njiani, ikaendeshwa, ikapakiwa upya. Aliyeifunga aliifunga huko, na mkeo alikuwa Mpanda hapa anakwangua sufuria yako ya uji. Unaelewa? Ukirudia maneno hayo mbele ya Inspekta, utakuwa umejiua mwenyewe bure, na Kalista atabaki mjane wa mtu mjinga."

Damiano aliinamisha kichwa akaanza kulia bila sauti. Bartolomeo alitoka akaufunga mlango.

Kwa mganga msaidizi wa hospitali alipewa kitu kimoja zaidi. Marehemu alikuwa na jeraha la moto kwenye kiganja cha kulia, na jeraha lilifungwa kwa kipande cha kitambaa. Mganga alikuwa amekitupa kwenye ndoo, Bartolomeo akakiokota. Kaniki, nyeusi, iliyofuliwa mpaka ikageuka kijivu. Nguo ya mwanamke mzima, si ya msichana.

*

Mustapha, dereva, alikuwa barazani kwake nyuma ya maduka, ameshika kikombe cha kahawa asichokinywa. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na siku ile hakuwa nayo.

"Mlisimama wapi, Mustapha?"

"Hatukusimama, wallahi. Mpanda, Sitalike, tukanyoosha mpaka mlimani."

"Usiape kabla sijakuuliza la pili. Matope ya mbuga yaliingiaje kwenye pikipiki?"

"Mvua, Sajenti. Njia ina matope."

"Ndani ya tela, chini ya turubai? Na zile nyingine mbili hazikupata hata tone?"

Mustapha aliweka kikombe chini.

"Unajua Damiano anapanda treni kesho?"

"Nimesikia."

"Atanyongwa. Wewe utakuwa unakunywa kahawa."

"Mimi nina leseni moja tu, Sajenti! Wakininyang'anya nitakula nini na watoto?"

"Nimekuuliza mlisimama wapi."

Basi ukweli ukatoka. Walisimama kwenye njia panda ya Usevya. Injini ilikuwa imechemka, na Mustapha alitaka kuipumzisha na kujinyoosha kidogo. Cleophas akamshika miguu. Mama yake anakaa Usevya, hajamwona tangu mavuno, na hajawahi kuona pikipiki kwa karibu maisha yake yote. Aishushe hii ya mlangoni, aende mbio, arudi kabla maji ya rejeta hayajapoa. Alikuwa amejifunza kuendesha kwa karani mmoja wa mgodini.

"Nikamkubalia," alisema Mustapha. "Alikuwa kijana mzuri. Nikalala chini ya lori. Aliporudi nilikuwa na haraka, jua limekwenda. Nikamsaidia kuisukuma juu ya ubao, nikaenda mbele kuzungusha hendeli ya kuwashia injini. Nikamwambia funga upesi, twende."

"Nani alifunga?"

"Sikuangalia. Si yeye?"

"Alikuwa peke yake?"

Mustapha alifuta uso kwa kiganja. "Kulikuwa na mama mmoja, na kifurushi cha mchele. Nilidhani mpita njia tu."

"Washa lori," alisema Bartolomeo.

*

Usevya ilikuwa imelowa. Mpunga ulikuwa umesimama pande zote mbili za njia, na katikati ya njia, pale palipokuwa pamekauka kidogo, alama za gurudumu jembamba zilikuwa bado zinaonekana. Zilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye nyumba ambayo mbele yake watu walikuwa wamekaa matangani.

Elizabeti, mama yake Cleophas, alikuwa amekaa kwenye mkeka, kichwa kimenyolewa. Ndugu walimpisha mgeni. Bartolomeo alivua kofia, akachuchumaa, akamsalimia kwa Kipimbwe kama mtoto anavyomsalimia mama, kisha akasema kwa Kiswahili, kwa kuwa mambo ya serikali yalisemwa kwa Kiswahili:

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa, mwanangu. Wewe ni wa wapi?"

"Kasansa."

"Basi ni wa hapa hapa. Kaa."

"Mama, Cleophas alipita hapa siku ile?"

"Hakupita." Jibu lilitoka haraka, tayari. "Alikuwa kazini."

"Hakupita hata kidogo?"

"Nimesema hakupita. Mwanangu alikuwa mtu wa kazi, hatoroki kazi. Muulize yeyote."

Bartolomeo hakubishana. Alitoa kile kipande cha kaniki mfukoni, akakiweka juu ya mkeka, karibu na pindo la nguo aliyoivaa mama yule. Pindo lilikuwa limechanwa. Kipande kilikaa pale pale kilipochanwa.

Elizabeti alikiangalia. Kisha akamwangalia Sajenti kwa hasira ambayo Bartolomeo hakuitarajia.

"Tumeshamzika," alisema, "na bado mnataka kumfukuza kazi?"

"Hapana, mama."

"Aliniambia: mama, usimwambie mtu, bwana akijua atanifukuza. Nikamwapia. Sasa unakuja na kitambaa kunivunjia kiapo!"

"Hawawezi tena kumfukuza, mama."

"Wewe huwajui wale."

Ndugu mmoja akaguna. Bartolomeo aliwaomba watu wasogee, wakasogea, wakabaki wawili. Akamwambia kwamba kuna mtu mahabusu, kijana kama Cleophas, anasemwa kwamba ndiye aliyemuua. Akamwambia kwamba akinyamaza mtu yule atakufa bure. Hakumwambia zaidi ya hapo. Alikuwa mwoga, na alijijua.

Elizabeti akaanza kusimulia, na jinsi alivyosimulia ndivyo sauti yake ilivyopata nguvu, mpaka ikafanana na ya mtu anayesimulia harusi.

"Nilisikia mngurumo, nikadhani nyati. Naona mwanangu huyu hapa, juu ya chuma, meno nje! Kijiji kizima kilitoka. Akasema, mama panda. Nikamwambia una wazimu wewe. Nikapanda! Mimi, mwanangu, mimi nimepanda pikipiki. Nilitaka kuanguka pale mwanzo, akanidaka, mkono wake ukagusa lile bomba la moto. Aliungua vibaya. Nikachana nguo nikamfunga. Nikachukua na mchele wake, tukaenda hadi kwa lori, nimemshika kiunoni kama yeye ndiye mzazi."

"Kule kwenye lori, nani alifunga kamba?"

"Mkono ulikuwa unamuuma, hawezi kuvuta. Yule dereva anapiga kelele, twende, twende. Nikamwambia Cleophas nipishe. Akaisimamisha ile pikipiki juu ya miguu yake ya chuma, nikafunga mimi. Mbele na nyuma." Akatabasamu, ndiyo mara ya kwanza. "Akanicheka! Akasema, mama, hata pikipiki unaifunga kama kuni?"

Bartolomeo alikuwa amekuja na kamba ya katani kutoka kwenye tela. Aliitoa. Alijichukia kwa kuitoa, lakini bila hiyo Inspekta asingesikia neno.

"Nionyeshe ulivyofunga, mama. Nifungie zile kuni pale."

Mama aliinuka. Zilikuwa kuni za matanga, zimeegemezwa ukutani. Akazikusanya, akazungusha kamba mara mbili, akaweka goti, akakaza. Mikono ilikuwa ya haraka, hodari, haikuhitaji kutazamwa. Akakunja mkia, akaupitisha, akauacha nje. Mzigo ukatulia, umekaza kweli kweli.

"Fundo hili halijawahi kunimwaga," alisema. "Tangu msichana."

Na kwa mazoea tu, kama alivyofanya kila jioni ya maisha yake, aliushika mkia akauvuta. Kuni zikamwagika zote miguuni pake.

Alibaki ameshika kamba. Aliziangalia kuni.

"Ile barabara ya mlima," alisema Elizabeti taratibu, "ina mawe?"

"Ina mawe, mama."

"Inatikisa."

"Inatikisa." Kisha akaongeza upesi, "Lakini si kamba, mama. Ni stendi. Ile miguu aliyoisimamishia. Haikutakiwa. Na dereva alikuwa na haraka, asingewaharakisha..."

"Hiyo miguu ilikuwa inashikwa na nini isianguke?"

Bartolomeo aliigeuza kofia yake mkononi.

"Nakuuliza, mtoto wa Kasansa."

"Kamba," alisema.

"Haya."

Alikaa chini, si kwenye mkeka bali juu ya udongo, katikati ya kuni. Hakupiga yowe. Wale ndugu wawili walitaka kumsogelea, akawazuia kwa mkono.

"Huyo mliyemfungia Mpanda ana mama?"

"Anaye. Yuko Inyonga."

"Andika, basi. Andika upesi, kabla hawa hawajaanza kunishauri."

Bartolomeo aliandika. Akamsomea, akakitia wino kidole chake gumba, akakigandamiza pale pa kugandamiza. Alijua kesho Inspekta atasoma karatasi ile, atasema "bibi jinga", ataifunga kesi na kwenda kucheza tenisi, na Damiano atatoka na jicho lake lililovimba bila hata kuambiwa pole. Hiyo ndiyo haki iliyokuwepo, na yeye ndiye aliyetumwa kuileta.

Mustapha, aliyekuwa amesimama mbali na kofia yake mkononi, alisogea akainama kuokota kuni.

"Ziache," alisema Elizabeti. "Usiziguse."

Akaziacha. Walikuwa wameshapanda lori na hendeli imeshazungushwa Elizabeti alipoita kutoka pale chini, na Bartolomeo akatoa kichwa dirishani.

"Sajenti! Huyo Damiano aligombana na mwanangu kwa nini?"

"Kwa ajili ya mkewe, mama. Alidhani Cleophas anamtaka."

"Mwambie hakumtaka mkewe. Nilimuuliza siku hiyo hiyo, unaoa lini, akasema bado, mama, kwanza nikuonyeshe pikipiki."